Mapendo, Kabla Sijafuta Diski

Mapendo mwanangu,

Umetoka saa sita na nusu kwenda soko la Owino kutafuta sanduku lenye magurudumu mazima, na ulipofika getini ukageuka ukaniambia neno ambalo linanizungusha humu chumbani mpaka sasa. "Baba, nikirudi nataka nikute umechagua." Ukacheka, ukaenda. Mezani umeniachia flashi mbili. Moja umeizungushia utepe mwekundu, hiyo ni Mint. Nyingine ina utepe wa buluu, hiyo ni Ubuntu. Ulisema mfumo uliomo kwenye kompyuta yetu umezeeka, kwamba hizi zote mbili ni mifumo mipya ya watu wanaoanza, zote za bure, na kwamba mtu yeyote aliyewahi kuendesha kompyuta anaweza kuiweka mwenyewe akifuata maandishi ya kwenye kioo. Ulitaka niiweke mimi, kwa mikono yangu, leo, ili kesho basi likikupeleka chuoni Mbarara usiwe na wasiwasi kwamba umemwacha baba yako na mashine asiyoiweza.

Nimekaa mbele ya kompyuta, nimesimama. Nimeosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Nimekwenda getini kuangalia kama unarudi, na wakati huo hata Kabalagala hujafika. Sasa nimeacha kibodi, nimechukua karatasi, kwa sababu kuna jambo sijakwambia kwa miaka mitano na kila nikigusa hiyo mashine linanirudia.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala chakula, wala vijana wa chuoni. Hayo akina mama wa kwaya wamekufundisha wiki mbili mfululizo, na kama mawaidha yangejaza sanduku usingehitaji kwenda sokoni. Mimi nataka kukuandikia habari za kompyuta. Vumilia kidogo, utaona kwa nini.

Unaikumbuka siku ilipofika? Ulikuwa na miaka tisa. Ofisi moja ilikuwa inafunga, wakauza vitu vyao vya zamani, nami nikaipata hiyo. Ilikuja kwa boda mbili: mimi mbele na kile kisanduku kikubwa, mama yako nyuma amekumbatia kioo mapajani, anamfokea mwenye boda apite polepole kwenye mashimo ya Kisugu. Alipofika alikata kitenge chake kipya akaifunika. Nilimuuliza kwa nini asichukue kitambaa cha zamani. Akasema kitu kitakacholisha nyumba hakivishwi matambara. Ni kitenge hicho hicho kiko hapa pembeni sasa, kimepauka.

Na kweli ililisha nyumba. Nilikuwa mwalimu wa hesabu kule Uvira, miaka kumi na moja, na hapa Kampala hakuna aliyehitaji hesabu zangu za Kifaransa. Nikaanza kuwaandikia watu barua: maombi ya kazi, maelezo ya walivyokimbia, barua za kanisa. Watu wa mizigo yote, vile vyumba vya kupanga vya uani kwetu, walikaa kwenye kiti hicho, wakasimulia, nikachapa. Nilikuwa na jina. Waliniita Mwalimu, na mimi jina hilo nililipenda kuliko nilivyokuwa nikikubali. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mama yako yeye alikuwa na kazi yake ya miguu. Vitenge begani, mlango kwa mlango, toka Kisugu mpaka kambi ya polisi, mpaka kwa wake wa wanajeshi waliotoka kaskazini ambao walimpenda kwa sababu aliongea nao Kiswahili bila kuwacheka. Kuandika kulimchosha. Oda zote aliziweka kwa sauti kwenye simu yake, akitembea. Jioni alikuwa akikaa pale mlangoni, anajisikiliza mwenyewe, anapanga mzigo wa kesho. Nilimtania kwamba ana karani wa ajabu, karani anayeongea kama yeye.

Alipougua, simu ile ilikuwa imeanza kuzimika ovyo. Ni wewe uliyezihamisha zile sauti kwenye kompyuta, na picha zake, na ile video ya kwaya ambayo kichwa cha mtu kinamziba nusu. Ukafungua folda ukaiita MAMA kwa herufi kubwa. Alikuwa bado hai siku hiyo, alikuwa amelala kwenye mkeka anakutazama, akauliza unafanya nini, ukamwambia unapanga. Wiki tatu baadaye tulimzika.

Mwaka ule mzima, kila Jumapili baada ya ibada, ulikuwa unavua viatu, unakaa kwenye kiti cha wateja wangu, unafungua folda. Hukulia. Ulisikiliza oda. Fulani anataka ya ndege, fulani anataka ya buluu isiyochuja. Ulizijua zote kwa moyo, na mara nyingine ukisafisha sufuria nilikusikia unazirudia chinichini kwa sauti yake. Nilikuwa nasimama nje nikijifanya naongea na majirani, kwa sababu mimi kuzisikiliza nilishindwa.

Nimesimama tena sasa hivi. Mvua imeanza, na nimefikiria kama umechukua mwavuli, na nimeukuta hapa nyuma ya mlango. Basi. Utajikinga mahali.

Naendelea. Kompyuta ikaanza kuugua. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya wizi, ndivyo tulivyoipata, na sikuwahi kuuliza. Kioo kilikuwa kinageuka cheusi na kuniambia kwamba nakala yangu si halali, kama askari anayekusimamisha kila siku njia ile ile. Virusi vilijaa. Kila mteja alikuja na flashi yake, aliondoka na ugonjwa wa mwenzake. Barua zilipotea. Siku mteja alipoikuta barua yake imegeuka alama zisizosomeka, nilipanda taksi nikaenda Kawempe kwa fundi Kato.

Kato unamjua. Kijana mpole, kibanda kimejaa kompyuta zilizofumuliwa. Akanieleza kwamba kuna mifumo huria, iliyotengenezwa na watu wengi wa nchi nyingi, kila mtu anaruhusiwa kuifungua aone imeundwaje, kuinakili, kumpa jirani. Si wizi. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Mkimbizi anachoka kuishi na vitu ambavyo kila saa anaulizwa ana haki gani navyo. Akanitolea flashi.

"Ssebo, chukua hii ya wenye wanaanza," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda. "Inakuongoza pole pole. Hiyo ingine itakusumbua bule."

Pembeni palikuwa na wateja wawili, vijana, na mmoja wao alikuwa amewahi kuandikiwa barua nami. Alikuwa ananitazama. Wenye wanaanza. Mimi, Mwalimu. Nikamuuliza Kato ni ipi wanayotumia wataalamu. Akanitajia, akanionya kwamba hiyo haina picha za kubonyeza, ni kuandika amri kwenye kioo cheusi, na mtu akikosea haimuulizi mara mbili. Nikamwambia anipe hiyo. Nikamwambia nimefundisha hesabu watoto mia mbili, sitashindwa na kioo cheusi. Wale vijana wakacheka vizuri, wakinisifu, na mimi nikarudi Kisugu na flashi mfukoni nikijiona mtu.

Ilikuwa Jumanne, ulikuwa shuleni. Usidhani nilikuwa mzembe kabisa. Kabla ya chochote nilitafuta flashi safi, ile ya kijani iliyopasuka kofia, nikanakili folda ya MAMA. Niliitazama ikaingia. Niliona jina lake pale kwenye flashi, MAMA, na alama ya folda ya njano. Nilichomoa, nikaibusu, naona aibu kukuandikia hilo lakini niliibusu. Kisha nikaanza kuandika amri nilizochapiwa na Kato kwenye karatasi tatu.

Kwenye karatasi ya pili palikuwa na mahali pa kutaja sehemu ya diski. Nilikusudia kuipa sehemu ndogo, iliyobaki ikae na vitu vyetu. Nikataja diski nzima. Nikabonyeza enta. Haikuniuliza mara mbili, Kato alikuwa amesema kweli. Ilimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Barua za watu, picha, kila kitu. Nilikaa pale, nikajiambia hapana, mama yako yuko mfukoni.

Na mfumo wenyewe haukusimama. Kilibaki kioo cheusi na kistari kinachopepesa. Kurudi kwa Kato niliona aibu, baada ya maneno yangu yote. Nikachukua flashi ya kijani nikashuka kwenye kibanda cha fotokopi pale njia panda, nikamwomba binti wa pale anifungulie. Palikuwa na foleni. Aliichomeka, akabonyeza MAMA, ikatokea meseji nyekundu. Akabonyeza tena.

"Mzee, hapa hamuna kitu. Ni shotikati tu. Yenyewe haiko."

Nikamwomba ajaribu mara ya tatu. Akanionyesha mshale mdogo pembeni ya ile alama ya njano, mshale ambao sikuuona nyumbani, akasema huo unamaanisha jina tu, ndani hakuna. Akachomoa, akamwita mtu wa nyuma yangu. Nikatoka, na sikumbuki nilivyopanda kile kilima.

Wiki ile umeme Kisugu ulikuwa unakatika na kurudi kwa kishindo. Friji ya Mama Debora, jirani yetu wa mlango wa tatu, ilikuwa imeungua. Uliporudi kutoka shuleni, bado umevaa begi mgongoni, nilikwambia umeme umeunguza diski. Neno lilitoka lenyewe, lilikuwa limeshajiandaa. Ukaweka begi chini. Ukauliza na folda? Nikasema na folda.

Ulilia mpaka Mama Debora akaja mlangoni. Halafu, ulipomaliza, ulinitazama, nadhani nilikuwa na sura ya mtu aliyekufa, ukaja ukanishika mkono. Ulisema, "Baba, haiko makosa yako."

Mapendo, nimebeba maneno hayo miaka mitano. Yalikuwa makosa yangu.

Nimetoka nje nikasimama chini ya bati. Mvua ni kubwa, mfereji wa uani umejaa. Nilitaka kuichana hii karatasi. Nimerudi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa Kato nikiwa nimeibeba mashine yote mgongoni kwenye gunia. Hakuuliza kitu. Aliweka Mint, ile ile ya wanaoanza, akanionyesha kitufe cha menyu kule chini kushoto, akasema, "Hapa ni kama nyumbani tu, ssebo." Flashi sikumtajia. Kumtajia kungekuwa kumweleza nilichofanya. Nikiitazama sasa naona kwamba kama ningefungua mdomo siku ile pale Kawempe, ingekuwa imekwisha siku ile ile.

Flashi ya kijani niliiweka kwenye kopo la vifungo vya mama yako, juu ya kabati. Kuitupa nilishindwa. Na wewe ukaanza kuipenda mashine. Mimi nilikuwa naigusa kwa kuchapa tu, wewe uliingia ndani. Ulibadilisha kila kitu ukarudisha kila kitu. Ulijiunga na vijana wa kanisa wanaosaidiana mambo hayo, ukajifunza kwa kuuliza, bila haya, maswali ambayo mimi ningekufa kabla ya kuyauliza mbele ya watu. "Hii ni nini? Nikibonyeza hapa itafuta?" Nilikuwa nakusikia nikijiuliza umetoa wapi hiyo. Si kwangu. Mama yako ndiye aliyeweza kusimama kwenye mlango wa mtu asiyemjua akasema sijui kwenu mnapenda nini, nionyesheni.

Sasa nafika mahali pabaya zaidi, na nakuomba usome polepole.

Miaka miwili iliyopita Mama Debora alikuja na flashi ya picha za harusi ya mwanawe. Analia, kila folda imegeuka shotikati. Mimi nilikuwa hapo hapo nyuma yako, napiga pasi shati la Jumapili. Ukaichomeka kwenye kompyuta yetu, na picha zikatokea, zote, bibi harusi na keki na watoto wamelala kwenye viti. Mama Debora akapiga magoti. Wewe ukamwinua ukamweleza, nakumbuka neno kwa neno: "Mama, virusi haikukula picha. Ilizificha tu, ikaweka majina ya uongo mbele. Windows inadanganyika nayo, hii yetu inaona vyote."

Shati liliungua, na wewe ukanicheka kwamba nazeeka.

Kopo lilikuwa juu ya kichwa chako. Ningenyoosha mkono. Lakini ningekuwa nimekwambia ile flashi imetoka wapi, na kwa nini ina folda ya MAMA, na kwamba umeme haukuunguza chochote. Usiku ule na siku zilizofuata nilijipa sababu. Nilisema ngoja amalize mitihani. Nilisema pengine ndani hamna kitu kweli, nitamfungulia kidonda bure. Ukiwa shuleni ningeweza kuichomeka peke yangu, na sikufanya. Kama haimo, ningempoteza mara ya pili. Kama imo, ningetakiwa kusema. Niliogopa vyote viwili, na siku zikapita mpaka zikawa miaka miwili. Ile Jumanne nilikosea bila kujua. Hii miaka miwili nilijua.

Kwa hiyo wiki hii yote uliponiona nakwepa kuchagua, ukadhani baba anaogopa teknolojia, ukanieleza tena na tena kwa uvumilivu, kumbe nilikuwa nimeelewa tangu siku ya kwanza. Ninachoogopa ni ule ukurasa wenye maneno ya kufuta diski.

Lakini nilikuahidi, basi nimechagua. Nikueleze kama mwanafunzi anavyomweleza mwalimu. Leo nimeanza na ya buluu. Uliniambia naweza kuuendesha mfumo ukiwa ndani ya flashi yake, kuonja, bila kugusa diski, na mimi sikukuamini mpaka nilipoona kwa macho. Ubuntu ni nzuri, imepangika, ila vitu vyake viko upande nisiouzoea na kwenye mashine yetu ya kumbukumbu ndogo ilikuwa inavuta miguu. Kisha nikaonja ya utepe mwekundu, ile Mint nyepesi. Menyu iko pale pale chini kushoto. Vidole vilijua njia. Printa iliitambua yenyewe, na hapo nikakohoa kwa furaha kama mzee. Na zaidi ya hayo, Kato anaitumia, na wale vijana wa kanisa wanaitumia. Siku itakaponigomea nina mlango wa kubisha. Sijui kama ndiyo bora kuliko zote duniani. Mimi naanza, na hii ni ya wanaoanza, na wa kumuuliza yupo.

Ningekuwa na kitu kimoja cha kukutilia kwenye sanduku ni hicho. Huko Mbarara utakuwa mgeni wa kila kitu, na watu watakutazama kama wale vijana walivyonitazama Kawempe. Utatamani kujifanya unajua. Mimi nilijifanya kwa dakika moja tu, mbele ya watoto wawili ambao hata majina yao nimesahau. Uliza kama ulivyokuwa unauliza hapa. Na ukiharibu, nenda ukaseme siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Sikuambii kama mtu aliyefanya hivyo.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye barua nilipoweka kalamu chini nikapanda kwenye kiti.

Kopo la vifungo limeshika kutu, kifuniko kilinikata kidole. Flashi ilikuwa chini kabisa, imeshikana na uzi. Mashine ilikuwa bado inaendesha ile Mint ya utepe mwekundu, ya kuonja, haijafuta kitu. Nikafikiria kungoja mpaka uje. Nikafikiria kuirudisha. Nililikosa tundu mara mbili.

Kulikuwa na ile shotikati, na mshale wake. Na pembeni yake folda ya pili, imekaa tu. MAMA.

Imo, Mapendo. Nimehesabu, nimehesabu tena. Sauti sabini na tatu, picha, na ile video yenye kichwa cha mtu. Miaka mitano ilikuwa juu ya kabati, kando ya kitanda chako.

Nimefungua moja, ya kwanza kabisa, sikuchagua. Anahema, anapanda kilima, boda zinapita. Anasema mke wa afande wa nyumba ya pili anataka ya ndege, yadi sita, si ya maua, amesema maua yanamzeesha. Anacheka peke yake. Halafu anakugeukia, lazima ulikuwa naye siku hiyo, sauti inabadilika, anasema, "Mapendo, nipe mkono hapa, usitembee katikati ya njia." Unasikika unamjibu. Una sauti ya kitoto kabisa. Inaishia hapo.

Nimezima. Zingine sikufungua, sina haki ya kutangulia. Na sijanakili kitu. Nimeapa sitanakili tena kitu cha mama yako peke yangu. Utakuja utaketi hapa, utafanya wewe, kwenye laptopu yako ya chuoni, na kwenye flashi nyingine, na popote unapotaka, nami nitakaa pembeni nikikuuliza kila hatua umefanya nini. Tukimaliza, ndipo nitabonyeza ule ukurasa wa kufuta. Uwe umesimama nyuma yangu.

Jumapili zote ulizokosa, sina cha kuzirudisha. Virusi viliificha folda siku moja. Iliyobaki niliificha mimi.

Nasikia magurudumu. Yanagonga kwenye mawe ya uani, na Mama Debora anakuuliza umelipata lililo zima, nawe unamjibu kwamba moja linavutavuta. Umelowa, nasikia kwenye sauti.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mfuko wa ndani wa sanduku uikute Mbarara, mbali, nisiuone uso wako. Sasa nikiitazama naona ningekuwa nimejificha tena, mara ya tatu, safari hii nyuma ya karatasi. Hapana. Nitaiweka kalamu chini, nitafungua mlango, na nitakwambia kwa mdomo wangu neno la kwanza kabla hujavua viatu. Barua utaisoma baadaye kwa yale nitakayoshindwa kuyatamka.

Kiti chako nimekifuta. Chai iko kwenye chupa.

Baba yako